Hamasa Isiyo ya Kitaaluma

Jicho langu la kushoto ni la kioo. Nalitaja mapema ili tusipotezeane muda, maana kila mwanafunzi anayeingia karakanani kwangu kwa mara ya kwanza hutumia nusu saa nzima kulitazama kwa kuibia badala ya kutazama mashine. Mashine ndiyo itakayomkata. Jicho halina habari naye.

Mimi ni fundi wa karakana katika chuo cha uhandisi. Shule niliiacha nikiwa na miaka kumi na tatu. Huu ni mwaka wa ishirini na saba nawafundisha kushika tupa vijana ambao baadaye huitwa wahandisi, na wengine nikikutana nao njiani wanajifanya wana simu muhimu sikioni. Sijali. Wakishika bisibisi mkono wao unanikumbuka, hata kama mdomo unakataa.

Utaratibu wa chuo chetu ni huu. Mwaka wa kwanza wote wanasoma pamoja. Mwisho wa mwaka wanagawanywa: huyu ujenzi, huyu umeme, huyu mitambo, huyu kemikali, huyu kompyuta. Kabla ya kugawanywa, kila mmoja lazima apite kwangu. Nampa kipande cha chuma kikubwa kama kiberiti, nampa tupa, namwonyesha jiliwa la kubania, namwambia: nirudishie kikiwa mraba, pande zote sita, nikiweka kipimo cha pembe nisione mwanga ukipita. Una wiki tatu.

Hapo ndipo utajua nani anataka nini. Wa ujenzi atapiga tupa siku nne, ataniletea kitu kama mhogo uliokatwa na kunguru, aseme, "Fundi, si hii nyingine itazibwa na plasta?" Wa umeme ataniuliza kuna mashine gani ya kufanya kazi hii. Wa kompyuta haonekani. Anakuja siku ya mwisho na kipande kizuri mno, na malengelenge ya mkono anayo rafiki yake. Wa kemikali atapima unga wa chuma ulioanguka chini na kuuandika kwenye daftari, sijui kwa ajili ya nani. Na wa mitambo wengi walikuja kwa sababu wanapenda magari ya mashindano. Wiki ya kwanza inawatosha kujua kwamba mwaka huu hakuna gari, kuna tupa, na nusu yao wanaanza kuulizia ujenzi.

Wachache wanabaki. Wanapiga tupa mpaka jasho linawadondokea kwenye chuma kinapata kutu, wanafuta, wanaanza tena. Hao siwaulizi kwa nini. Kila mmoja ana lake.

Mwaka jana Daktari akaja na karatasi.

Daktari ndiye mkuu wa idara. Wanafunzi wanamwita Koti, kwa sababu ya koti lake jeupe la karakana lililopigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Alileta bunda la madodoso, kichwa cha habari kwa herufi kubwa: Utafiti wa Hamasa ya Wanafunzi kwa Kila Fani ya Uhandisi. Maswali ishirini. Kumi na tisa ya kuweka alama ya vema, la mwisho la kuandika: Eleza kwa maneno yako kwa nini umechagua fani hii.

"Fundi," akaniambia, "wagawie hapa hapa kwako. Huku wanakuwa watulivu."

Wanafunzi akawaambia majibu ni ya utafiti tu, hayatatumika kwa jambo lingine lolote, wawe huru. Halafu akawataka waandike namba zao za usajili juu kulia. Nikajisemea, utafiti gani huu unaotaka kujua mlango wa mtu. Lakini sikusema kitu. Mimi na Daktari hatusemezani zaidi ya kazi, na sababu yake lazima niieleze sasa.

Miaka ishirini kabla ya hapo Daktari alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho, na mimi nilikuwa na macho mawili. Alikuwa anakereza ekseli ya mradi wake kwenye mashine ya tatu. Mashine ya kerezo ina kichwa chenye taya tatu zinazobana chuma. Taya unazikaza kwa ufunguo wa chuma wenye umbo la msalaba, mzito kama nyundo ndogo. Ukishakaza, unautoa. Ukiusahau ndani ukawasha, kichwa kinazunguka nao na kuutupa, na hakuna ajuaye utaelekea wapi. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya karakana yoyote duniani ni hii: aliyeuingiza ndiye anayeutoa, na mkono hauachi ufunguo mpaka utoke.

Siku hiyo miwani ya kukinga macho ilikuwa moja. Nilimpa yeye. Nikasimama begani kwake kumwangalizia kipimo. Akakaza taya, akauachia ufunguo, akageuka kunieleza barua aliyoipata ya kwenda kusoma nje, akavuta mkono wa kuwashia huku bado anacheka.

Nililala hospitali siku kumi na moja. Niliporudi nilikuta barua ya onyo kali. Taarifa ya ajali ilisema fundi aliacha ufunguo kwenye mashine kwa uzembe, kisha akamwamuru mwanafunzi awashe. Chini kulikuwa na sahihi yake, imenyooka vizuri. Angesema kweli, barua ya kwenda nje ingefutwa. Akachagua. Alikuja kuniaga? Hakuja. Mke wangu wakati huo alikuwa na mimba ya miezi minne. Mtoto aliyezaliwa hakuwahi kuniona na macho mawili.

Mtoto huyo ndiye aliyekuwa anajaza dodoso mbele yangu mwaka jana, benchi la pili kutoka dirishani, ulimi umetokeza pembeni ya mdomo kama mama yake akitunga uzi kwenye sindano.

Binti yangu alikulia kwenye karakana ile. Akiwa na miaka minane alinisaidia kukata springi. Maana baada ya lile tukio, hakuna aliyeniagiza, nilitengeneza springi ndogo na kuzivisha kwenye funguo zote za taya. Ukiingiza ufunguo ni lazima uusukume, na ukiuachia tu, springi inaurusha nje unaanguka chini. Hauwezi kubaki. Mtoto alikuwa anaziita vyura. "Baba, chura wa mashine ya tano amechoka," nami nabadilisha. Katika kipimo cha tupa alitumia siku tisa. Niliweka kipimo cha pembe, nikakiinua dirishani, sikuona mwanga. Nikamwambia upande wa nne unaweza kuwa bora zaidi. Ni uongo, lakini sikutaka wenzake waseme.

Matokeo ya mwaka yalipotoka alikuwa wa tatu kati ya wanafunzi mia mbili na kumi. Fani ya kwanza aliyoomba: mitambo. Ya pili: mitambo. Ya tatu aliacha wazi.

Orodha ya mgawanyo ikabandikwa ubaoni siku ya Jumatatu. Wa mitambo arobaini. Hakuwemo. Tulimkuta kemikali, namba ya mwisho, jina limeongezwa kwa kalamu.

Alikwenda ofisini peke yake, hakutaka nimsindikize. Jioni akarudi nyumbani akaweka karatasi juu ya meza, katikati ya sahani. Ilikuwa dodoso lake.

"Amekupa hii?" nikamuuliza.

"Alinionyesha ili nione kosa langu. Nikamwambia naomba niende nayo nikajirekebishe. Akafurahi."

Mama yake akaichukua, akaisoma kwa sauti, maana miwani yangu ya kusomea huwa haionekani inapohitajika. Swali la ishirini, mwanangu alikuwa ameandika hivi: "Nachagua mitambo kwa sababu ya jicho la baba yangu. Nataka nitengeneze mashine isiyokubali kuwaka ufunguo ukiwa ndani, ili mtu mwongo asipate pa kujifichia."

Pembeni, kwa penseli, mwandiko ninaoujua tangu ile taarifa ya ajali: "Hamasa isiyo ya kitaaluma. Ana kinyongo. Asipewe mitambo."

"Wewe mtoto," mama yake akasema, "hukuona pa kuandika isipokuwa hapo?"

"Waliuliza kwa maneno yangu, mama."

"Si ungesema unapenda magari kama wenzako!"

"Sipendi magari."

Mke wangu akanigeukia mimi. "Na wewe umekaa kimya kama mgeni. Sema kitu."

Nilikuwa namwona yule kijana na miwani yangu usoni. Jicho amechukua, sawa, jicho ni langu. Sasa amekuja kumchukua na mtoto. Chakula kilinishinda.

Kesho yake asubuhi nikaenda ofisini kwake. Alinikaribisha kwa mikono miwili.

"Fundi! Kaa, kaa. Chai?"

"Nimesimama. Nataka kujua kwa nini binti yangu yuko kemikali."

"Aaa." Akapanga kalamu zake. "Kusema kweli sikujua kama ni wako."

"Jina langu liko nyuma ya jina lake. Na jicho ameliandika."

"Sikiliza, Fundi. Ni kwa faida yake. Utafiti wangu unaonyesha wazi: mwanafunzi mwenye hamasa ya nje ya taaluma hadumu kwenye fani. Na mtu mwenye kinyongo si salama kwenye mashine. Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

"Na mtu anayeacha ufunguo?"

Akatabasamu, tabasamu la mtu anayemhurumia mwenzake. "Mambo ya zamani hayo. Faili lipo, limeshaandikwa, limefungwa. Tusimharibie binti maisha kwa ajili yake." Akasimama. "Keshokutwa wakaguzi wanakuja kukagua idara. Karakana ing'ae. Nitaonyesha kazi mwenyewe kwenye kerezo, wapende wasipende. Na hakikisha koti langu limetoka kwa dobi."

Nikatoka.

Nilijua mambo mawili kuhusu Daktari ambayo utafiti wake hauna. La kwanza: huwa anashika mashine mara moja kwa mwaka, mbele ya wageni. La pili: hajawahi kujifunza kutoa ufunguo. Kwa miaka yote aliyorudi chuoni nimemwona akikaza taya, anauachia ufunguo huku anaongea, chura anaurusha chini, na yeye haoni hata unapoanguka. Mimi ndiye huinama nikauokota. Springi zangu ndizo zilizokuwa zinamfanya aonekane mhandisi.

Siku moja kabla ya wakaguzi, wanafunzi wakiwa wameenda kula, nikachukua ufunguo wa mashine ya tatu. Nikaubana kwenye jiliwa. Nikaitoa springi kwa koleo, nikaitia mfuko wa ovaroli. Ilikuwa kazi ya dakika mbili.

Mpango wangu ulikuwa huu. Ataingiza ufunguo, atakaza, atauachia. Hautaanguka. Atavuta mkono wa kuwashia. Mimi nitakuwa nimesimama ukutani penye swichi kuu, na kabla hajavuta nitazima umeme wa karakana nzima. Mashine haitawaka. Watu watatazama kwa nini haikuwaka, na watauona ufunguo umesimama kwenye taya kama jino bovu, mbele ya wakaguzi, mbele ya wanafunzi wote. Hakuna atakayeumia. Nilijirudia maneno hayo mara nyingi: hakuna atakayeumia. Nadhani nilijipa mpango huo ili mikono yangu ikubali kutoa ile springi.

Wakaguzi walikuja watatu, wanaume wawili na mama mmoja wa makamo, nywele fupi zenye mvi, viatu vya ngozi vyenye chuma mbele. Nilipoviona viatu nikajua huyu amewahi kufanya kazi. Yeye ndiye alikuwa mkuu wao. Wanafunzi walipangwa kwa makundi ya fani zao mpya. Binti yangu alisimama na wa kemikali, upande wa kulia wa mashine ya tatu, mikono nyuma, uso kama mtu aliyeletwa kwenye harusi ya adui yake.

Daktari akavaa miwani ya kukinga. Akashika kipande cha chuma.

"Ndugu wakaguzi," akaanza, akiingiza ufunguo, "wengi wanauliza ubora wa mhandisi unatoka wapi. Mimi kwa utafiti wangu nasema unatoka kwenye hamasa." Akakaza. "Wa ujenzi ana hamasa yake, wa umeme ana yake. Mwenye hamasa safi," akauachia ufunguo, akanyoosha kidole kwenye chati aliyobandika ukutani, "huyo ndiye mwenye usalama."

Ufunguo ukabaki.

Nilisikia wanafunzi wakivuta pumzi. Wale wa mwaka wa kwanza wote wanajua. Mmoja wa umeme akasema chini chini, "Jamani, chura vipi?" Mwenzake akamkanyaga. Nani atamsahihisha mkuu wa idara mbele ya wageni?

Mkono wangu ulikuwa juu ya swichi. Mkono wa Daktari ukaanza kushuka kwenye mkono wa kuwashia. Huo ndio ulikuwa wakati wa kuzima. Kichwa cha ile mashine kingeutupa ufunguo kuelekea kwake, usoni, na miwani ya plastiki haizuii chuma cha uzito ule. Nilijua. Nikalitazama lile jicho lake la kushoto, zima, linang'aa nyuma ya miwani, na mkono wangu haukushuka. Nasema kama ilivyokuwa. Haukushuka.

Kisha nikaona mkono mwingine. Mwembamba, wenye malengelenge ya zamani ya tupa, umetoka upande wa kulia, umeingia katikati ya taya na kuushika ufunguo. Binti yangu. Na Daktari alikuwa anatazama chati.

Nilipiga swichi kwa uzito wangu wote. Taa zikafa, feni zikafa. Kwenye mashine ya tatu mkono wa kuwashia ukalia kacha, ukafika chini. Kichwa kikajitikisa kidogo, robo ya mzunguko, kikasimama. Mwanangu alikuwa bado ameushika ufunguo, kiwiko kimeinuka juu.

"Daktari," akasema, "ufunguo."

"Umeme umekatika?" Daktari akauliza, bado anatabasamu. Ndipo akatazama chini.

Yule mama mkaguzi alishafika. Hakuongea haraka. "Nani alikuwa anaendesha mashine hii?"

Daktari akaangalia ufunguo, akauona hauna kitu shingoni. Uso ukambadilika. Ni mwepesi wa akili, simnyimi hilo. "Springi!" akasema. "Funguo zote za hapa zina springi! Fundi! Huyu mtu ameitoa! Ameitoa makusudi!"

"Fundi gani?" mama akauliza.

"Huyo pale! Ana rekodi. Faili lake lipo ofisini. Miaka ishirini iliyopita aliacha ufunguo hivi hivi, kwenye mashine hii hii, akajitoa jicho mwenyewe. Ni mzembe, na ana kinyongo na mimi kwa sababu ya binti yake!"

Mama mkaguzi akanitazama, akalitazama jicho, akamrudia. "Ufunguo wa leo umeuingiza wewe au fundi?"

"Lakini springi—"

"Springi ni msaada. Sheria ni ipi?"

Daktari akageukia chati yake ukutani. Miaka yote ile mtu hakuwahi kumuuliza. Yule mama akawageukia wanafunzi, nao kundi zima, ujenzi, umeme, hata wa kompyuta ambao sikudhani wamewahi kunisikiliza, wakajibu kwa sauti moja kama watoto wa chekechea: "Aliyeuingiza ndiye anayeutoa! Mkono hauachi ufunguo!"

Mtu akacheka nyuma. Wengine wakafuatia.

"Na wa miaka ishirini iliyopita," mama akasema, "nani alikuwa anaendesha?"

Daktari akapapasa mfuko wa koti lake.

"Muulize yeye," nikasema. "Mimi nilikuwa nimesimama hapo uliposimama wewe, mama. Miwani ilikuwa moja, nilikuwa nimempa yeye."

Daktari aliivua miwani, akaishika mkononi kana kwamba hajui pa kuiweka.

Mkaguzi akamgeukia binti yangu. "Wewe ni wa mitambo?"

"Hapana. Nimepelekwa kemikali."

"Kwa nini?"

Mwanangu akatoa karatasi kwenye mfuko wa ovaroli. Alikuwa nayo tangu Jumatatu, imekunjwa mara nne. Mama akaisoma mbele, akasoma na penseli ya pembeni, akaisogeza kwa wenzake wawili.

"Mwandiko huu ni wako, Daktari?"

"Ni... ni dondoo za utafiti."

"Uliwaambia majibu haya yatatumika kuwagawa?"

"Alisema hayatatumika!" akapaza sauti yule wa umeme, ujasiri umemrudia sasa kwa kuwa hatari imepita. Wanafunzi ndivyo walivyo.

Basi. Wiki sita baadaye taarifa ya wakaguzi ikaja. Mgawanyo ukafanywa upya kwa alama, madodoso yakachomwa. Binti yangu akaingia mitambo, namba ya tatu. Daktari akavuliwa ukuu wa idara, akapewa kufundisha nadharia kwenye jengo la nyuma, mbali na kitu chochote kinachozunguka. Faili langu likafunguliwa, na barua ya onyo ikafutwa kwa barua nyingine ya mistari miwili. Nimeibandika karakanani, juu ya birika.

Kila asubuhi Daktari anapita mbele ya mlango wangu, maana hakuna njia nyingine ya kwenda jengo la nyuma. Kila asubuhi natoka, nakipangusa kiganja, namwamkia kwa sauti inayofika ghorofa ya pili: "Habari za asubuhi, Daktari! Ufunguo umeutoa?" Anaongeza mwendo. Koti lake siku hizi halina pasi. Sijakosa hata siku moja, na nikiugua nitamtuma mtu.

Najua ninachokifanya. Mara ya kwanza alisema uongo, wote wakamwamini. Safari hii alisema kweli. Springi niliitoa mimi, makusudi, kwa kinyongo, na hakuna hata mmoja aliyemwamini. Natembea na raha ya jambo hilo kifuani kama mtu aliyemeza kaa la moto akaliona tamu.

Hakuna hata mmoja, isipokuwa mtu mmoja.

Siku ile ile ya wakaguzi, watu walipokwisha kuondoka, jua la alasiri limelala kwenye mashine, nilikuwa nafagia unga wa chuma. Binti yangu akaja na ule ufunguo. Akanyoosha kiganja.

"Nipe."

"Nikupe nini?"

"Baba."

Nikaingiza mkono mfukoni, nikampa springi yake.

Akaigeuza kwenye mwanga. "Jana asubuhi nilikagua funguo zote. Chura wa tatu alikuwa mzima." Akaenda kwenye jiliwa, akabana ufunguo, akachagua koleo. Alinipa mgongo. "Kama nisingeingiza mkono, ungezima?"

"Nilizima."

"Sijauliza hivyo."

Nilifagia sehemu ambayo nilishaifagia. "Nilichelewa kidogo," nikasema.

"Kiasi gani?"

"Sekunde moja."

"Kwa mwendo aliouweka, ndani ya sekunde moja kichwa kinazunguka mara kumi na tano. Wewe ndiye uliyenifundisha hesabu hiyo." Alikaza springi, mabega yamekakamaa. "Mkono wangu ulikuwa mle, baba."

Nilitaka kumwambia nilipochelewa nilikuwa sijauona mkono wake. Ni kweli, na haisaidii kitu.

"Mwanangu," nikaanza.

"Usiseme. Nikimaliza chuo nitaomba kazi hapa hapa. Nitakuwa mkubwa wako. Na barua yangu ya kwanza ya onyo itakuwa yako. Nimeshaitunga."

"Iandike," nikasema. "Ila uandike kweli."

"Nitaandika kweli yote. Mpaka sekunde."

Akaenda mashine ya tatu. Akauingiza ufunguo kwenye taya, akausukuma, akauachia. Ukaruka, ukaanguka sakafuni kwa kishindo. Akauokota. Akaingiza tena. Alifanya hivyo mara tano, mara sita, mimi nimesimama na ufagio, na hakuniomba hata mara moja niuokote.